Waliozunguka Yeriko Walinyamaza

Kuna hukumu moja inayotolewa makanisani kwetu kwa wepesi mno: kwamba kanisa lenye kimya ni kanisa lililokufa. Husemwa mimbarini, husemwa na wanakwaya wakitoka mazoezini, husemwa na kijana anayehama usharika wa wazazi wake kwenda kwa nabii wa mtaa wa pili. "Pale kwetu ni baridi," anasema, na kila mtu anaelewa maana yake. Spika ni ndogo, hakuna anayenena kwa lugha mpaka koo likauke, wala mchungaji hawaamrishi watu wampigie Yesu kelele. Kule anakokwenda "kuna moto". Na moto huo hupimwa kwa masikio.

Tusijidanganye kwamba haya ni ya Wapentekoste peke yao. Usharika wa Kilutheri uliokuwa ukijivunia nyimbo za kitabu sasa una kamati ya vyombo na fundi mitambo. Parokia ya Kikatoliki ina kikundi cha karismatiki kinachosikika hadi stendi. Waanglikana huanza na nusu saa ya sifa na kuabudu ndipo wafungue kitabu cha sala. Hata vile vipande vya kimya vilivyowekwa ndani ya liturujia, baada ya somo, baada ya komunyo, hujazwa na kinanda kana kwamba kuna kosa limetokea madhabahuni na mpiga kinanda anawasitiri wahusika. Waliosema kimya ni kifo wameshinda mabishano haya bila kubishiwa.

Mimi nabisha. Nasema kunyamaza mbele za Mungu ni sehemu ya lazima ya maisha ya Kikristo, kama kusoma Neno na kutoa sadaka, na kwamba kanisa lisiloweza kunyamaza dakika tano halina haki ya kumwita mwingine baridi. Wanaoshikilia upande wa pili si wajinga. Wana hoja, tena nyingine ni nzito. Nitazichukua moja moja.

Ya kwanza ni kwamba Biblia iko upande wa kelele. Kifungu kinachotajwa upesi ni Yoshua sura ya 6. Mikesha mingi haiishi bila kuta za Yeriko kuangushwa. Watu huambiwa wasimame, wapaze sauti, na ukuta wa madeni, wa ugumba, wa kukosa kazi, utaanguka usiku huohuo. Lakini someni sura nzima, msirukie mstari wa 20. Katika mstari wa 10 Yoshua anawapa watu amri kali: wasipige kelele, sauti zao zisisikike, wala lolote lisiwatoke kinywani mpaka siku atakayowaruhusu. Makuhani saba ndio waliopiga pembe. Siku sita jeshi liliuzunguka mji mara moja kwa siku, na siku ya saba mara saba. Jumla yake mizunguko 13. Yote hiyo watu waliitembea midomo imefungwa, adui akiwatazama kutoka juu ya ukuta, na bila shaka akiwacheka. Kelele yao ilipigwa mara moja, mwisho kabisa, kwa amri. Sisi tumeichukua ile dakika ya mwisho tukaifanya dini nzima, kisha tunashangaa kuta hazianguki.

Baada ya Yeriko huja Karmeli, mlima wa moto wenyewe. Hapo nashangaa zaidi, maana waliopiga kelele Karmeli ni manabii 450 wa Baali. Walianza asubuhi, wakaendelea hadi adhuhuri, wakarukaruka, wakajikatakata kwa visu, na Eliya akawatania kwamba huenda mungu wao amelala na anahitaji kuamshwa. Zamu yake ilipofika, Eliya aliomba maombi mafupi, ya mistari miwili tu, ukimaliza kuyasoma hujaishiwa pumzi. Moto ukashuka kwa mwenye maneno machache. Na sura inayofuata inamwonyesha nabii huyohuyo, mshindi wa Karmeli, akiwa pangoni Horebu amekata tamaa. Upepo unapita, tetemeko linapita, moto unapita, na mwandishi anakana mara tatu kwamba Bwana yumo ndani ya hivyo. Yule aliyeona moto ukishuka ndiye aliyefundishwa kwamba asimtafute Mungu kwenye moto kila siku.

Yupo pia Hana, mama yake Samweli. Pale Shilo aliomba midomo ikicheza na sauti haitoki, na kuhani Eli akadhani amelewa. Ombi lake likajibiwa. Naona Eli ana wajukuu wengi leo: kila anayemwona mshirika ametulia wakati wengine wanapiga maombi kwa mzigo, akamwendea na kumwuliza ana shida gani rohoni. Paulo naye, ambaye hakuna anayeweza kumwita adui wa karama, anamwagiza Mkorintho anenaye kwa lugha pasipo mfasiri anyamaze katika kanisa, aseme na nafsi yake na Mungu wake. Na Ufunuo sura ya 8 unasimulia kwamba muhuri wa saba ulipofunguliwa, mbingu nzima ilinyamaza kwa muda wa kama nusu saa. Mbingu, yenye malaika wasiohesabika, iliweza nusu saa. Kwetu dakika mbili zikipita bila sauti, mtu wa mitambo anaanza kukagua nyaya.

Sikatai kwamba Zaburi 150 imo ndani ya kitabu, na ngoma na matoazi yake. Daudi alicheza mbele ya sanduku. Bartimayo alikemewa anyamaze akazidisha sauti, na Yesu hakumlaumu. Lakini mtazameni Bartimayo hadi mwisho wa habari yake. Alipoitwa alitupa vazi lake, akaja, akaulizwa anataka afanyiwe nini. Ili ulisikie swali hilo ni lazima uwe umeacha kupiga kelele. Bartimayo aliacha. Angeendelea kupaza sauti kwa sababu sauti imeshampa matokeo, angebaki kipofu mwenye koo kavu. Ninachopinga ni Biblia iliyokatwa nusu, watu wakabaki na matoazi tu.

Hoja ya pili inapendwa na wasomi wetu, na huvaa joho la utamaduni. Inasema kimya ni cha Wazungu. Wamisionari walitukataza ngoma, wakatukalisha kwenye mabenchi kama wanafunzi waliokosa. Mwafrika humwabudu Mungu kwa mwili mzima, kwa sauti, kwa kucheza. Kuhusu ngoma wana haki, na kosa lile lilikuwa kubwa. Kuhusu kimya wamekosea kabisa, na historia inawaumbua.

Wakristo wa kwanza waliokwenda jangwani kunyamaza, ambao majina yao tunayajua, walikuwa watu wa bara hili. Antonio alizaliwa Misri yapata mwaka 251, mwana wa wakulima wenye mali. Alisikia Injili ikisomwa kanisani kuhusu kuuza vyote, akauza, akaenda kukaa peke yake, na alipofariki mwaka 356 jangwa lilikuwa limejaa waliomfuata. Pakomio, Mmisri mwingine, alianzisha kando ya Nile utaratibu wa watawa kuishi pamoja chini ya kanuni moja. Habari za Antonio ziliandikwa na Athanasio, askofu wa Aleksandria, zikavuka bahari. Mwaka 386, mjini Milano, Augustino wa Thagaste, mji ulioko leo nchini Algeria, alisimuliwa habari za Antonio na Ponticianus, Mwafrika mwenzake, na masimulizi hayo ni mojawapo ya mambo yaliyomsukuma kwenye uongofu. Ethiopia nayo ina monasteri ya Debre Damo huko Tigray, juu ya mwamba usio na njia, ambayo tangu karne ya sita watawa huipanda kwa kamba.

Fuateni sasa njia ya kimya hicho. Yohane Kasiano alikaa miaka mingi na wazee wa jangwa la Misri, kisha akaenda kusini mwa Ufaransa na kuanzisha monasteri Marseille yapata mwaka 415, akaandika mazungumzo ya wazee wale. Benedikto wa Nursia, alipoandika Kanuni yake nchini Italia karne iliyofuata, aliagiza kwamba jioni, kabla ya watawa kuingia kwenye kimya cha usiku, wasomewe maandishi hayo ya Kasiano. Yaani Ulaya ilifundishwa kunyamaza na Misri. Mwaka 1888 Wabenediktini Wamisionari kutoka Ujerumani walifika Dar es Salaam. Kituo chao cha Pugu kikavamiwa mwezi Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, lakini baadaye wakafungua Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Leo kuna abasia ya Hanga mkoani Ruvuma, ya watawa Waafrika, na kengele ya usiku ikilia wananyamaza kwa kanuni ambayo chimbuko lake ni Mto Nile. Anayeiita kanuni hiyo desturi ya Wazungu anawapa Wajerumani urithi wa Mmisri.

Mfano wa Kenya unauma zaidi. Nchi hiyo ndiyo yenye Wakwekeri wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na Wakwekeri ndio dhehebu lililojulikana tangu karne ya 17 huko Uingereza kwa kukaa pamoja kimya hadi mtu aguswe kusema. Ukienda kwenye kanisa lao la magharibi mwa Kenya utakuta nyimbo, mahubiri na matangazo kama kwa jirani. Mtu anaweza kudhani kimya kilijaribiwa Afrika kikashindwa. Sivyo. Wamarekani watatu waliofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902 walitoka katika tawi la Wakwekeri wa Marekani ambalo, kwa nguvu za uamsho wa huko katika karne ya 19, lilikuwa limekwisha kuweka mchungaji na mahubiri mahali pa kimya. Waluhya wa magharibi mwa Kenya hawakukikataa kimya. Wengi wao hawakuletewa.

Na mkutano wa hadhara wenye vipaza sauti, unaotajwa leo kama ibada ya Kiafrika halisi, ulisambazwa na nani? Mwaka 1957 T. L. Osborn, Mmarekani, aliendesha mkutano mkubwa wa uponyaji Mombasa ambao Wapentekoste wa Kenya huutaja hadi leo. Mwaka 1960 Billy Graham, Mmarekani, aliizunguka Afrika akihubiria umati viwanjani. Sisemi kwamba kilichotoka Marekani ni kibovu. Gitaa nalo si letu na tunalicheza vizuri. Nasema tu kwamba mwenye kutumia kipimo cha asili ajipime nacho mwenyewe kwanza.

Tena mila zetu zenyewe zinajua kunyamaza. Msibani, anayekuja kuhani huketi mkekani na wafiwa, na kukaa kwake ndiyo rambirambi yake. Marafiki watatu wa Ayubu walifanya hivyo siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na makosa yao yote yalianza walipofungua vinywa. Mtoto aliyelelewa vizuri akimwamkia mzee husimama asubiri kuitikiwa. Maombi yetu ya leo yamekosa adabu hiyo. Tunampa Mungu shikamoo na kabla hajasema marahaba tumeshapita, tukiwa tunawahi kumwamkia tena kwa sauti kubwa zaidi.

Hoja ya tatu ni ya kiroho, na husemwa kwa hofu ya kweli: kwamba kimya ni mlango wa mapepo. Kutafakari, wanasema, ni mambo ya dini za Mashariki. Ukiiacha akili wazi, mwingine ataingia. Hunukuliwa mfano wa Yesu katika Mathayo 12, wa pepo mchafu aliyerudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa, akaja na wenzake saba. Lakini ubaya wa nyumba ile ulikuwa nini? Haikuwa na mwenyeji. Kimya cha Kikristo ni kukaa na mwenyeji. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na Yoshua anaagizwa jambo hilohilo kabla hajapewa nchi. Anayenyamaza juu ya Neno alilosoma hajaiacha akili wazi; ameiweka mahali pamoja. Akili iliyo wazi kwa kila mpitaji naijua, na haiko chumbani kwa mtawa. Ni ile inayoamka na simu, ikapokea jumbe 30 za baraka kutoka makundi sogozi, mahubiri mubashara ya watumishi wanne wanaopingana, unabii wa wiki, namba ya kutumia sadaka, na picha za harusi ya mtu isiyemfahamu, yote kabla ya kunawa uso. Kama mapepo yanatafuta mlango usio na bawabu, upo hapo mkononi.

Wapo watakaosema simu imeleta Neno hadi kijijini, na ni kweli. Biblia ya simu haina uzito, haichakai, ina tafsiri nyingi. Ila kifaa kinachobeba Neno hilo kinatengenezwa na watu wanaolipwa kwa kadiri ya kukuita urudi. Unafungua Isaya, juu yake inashuka taarifa ya mkopo. Unaifuta, linakuja jina la shemeji. Unarudi kwa Isaya ukiwa umesahau alikuwa akimwambia nani. Msomaji wa namna hiyo anaweza kumaliza vitabu vyote 66 kwa mpango wa mwaka mmoja na asiwe amekaa na sura hata moja. Aliyeagiza mtu aingie chumbani kwake na kufunga mlango, kama ilivyo katika Mathayo 6, hakujua mlango wa siku zetu ungekuwa kitufe cha kuzima simu, lakini agizo lake linatosha.

Hoja ya nne ndiyo inayonipa shida, na sitaipita kwa mzaha. Inasema kimya ni anasa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: ni rahisi kuhubiri utulivu ukiwa na nyumba yenye vyumba vinne na uzio. Mama anayelala na watoto watano chumba kimoja Mbagala, ukuta mmoja na baa, atanyamaza wapi? Mwendesha bodaboda anayesubiri abiria kijiweni ataingia chumba gani? Kwa watu hawa mkesha wa kelele ndiyo faraja pekee, mahali pa kulia bila kuulizwa. Ni kweli, na sitawanyang'anya.

Lakini angalieni hoja hii inamhukumu nani. Kama mama huyo hana mahali pa kimya, nani katika mtaa wake ana jengo kubwa, lenye paa, lenye mabenchi, lisilo na mtu siku nyingi za juma? Ni kanisa. Na kwa nini limefungwa kwa kufuli Jumatatu hadi Jumamosi? Ulizeni wazee wa kanisa watawaambia: kwa sababu ya vyombo. Zimo spika, vinanda, mikrofoni za bei mbaya, wezi hawana simile. Basi vyombo vilivyomnyima mama huyo kimya Jumapili ndivyo vinavyomfungia mlango Jumanne. Tulichanga mamilioni kununua sauti, na sauti ikahitaji kufuli. Maskini ndiye anayehitaji kimya kuliko sisi sote, maana hawezi kukinunua, na mtu wa kwanza kumpa alipaswa kuwa mchungaji wake.

Wala si kweli kwamba mtu wa kazi hawezi kabisa kujikusanya. Ndugu Lorenzo, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, alikuwa mpishi wa monasteri yake, na amekumbukwa kwa sababu alijizoeza kukaa na Mungu katikati ya masufuria. Hakuwa na utulivu wa nje. Alikuwa na jambo moja moyoni badala ya kumi. Wako mama ntilie wanaolijua hilo kuliko maaskofu. Ila ujuzi huo hujengwa, na mahali pa kuanza kuujenga ni pale penye mlango unaofunguka.

Hoja ya tano ni ya idadi: kelele inaleta watu. Kanisa la moto hujaa, la baridi hubaki na wazee. Wenye hoja hii wasome Marko sura ya 1. Jioni ile Kapernaumu mji mzima ulikusanyika mlangoni, wagonjwa wakaponywa, umati ukapatikana. Mchungaji wa leo angetangaza ibada ya pili na ya tatu. Yesu aliamka kabla ya mapambazuko akaenda mahali pasipo na watu kuomba. Simoni na wenzake walimfuata, wakampasha kwamba wote wanamtafuta, maneno ambayo kamati ya uinjilisti ingeyapigia makofi. Akawaambia waende miji mingine. Uamuzi wa kuuacha umati ulitoka kwenye saa ile ya peke yake. Asiyekuwa na saa hiyo huongozwa na umati wake mwenyewe, kisha huuita uongozi huo Roho.

Na kama tunazungumzia matunda, uamsho mkubwa kuliko wote uliowahi kupita Afrika Mashariki haukuanzia jukwaani. Septemba 1929, Joe Church, daktari wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala amechoka na amevunjika moyo baada ya njaa kali kuikumba sehemu ile. Pale kilimani Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Watu hao wawili walikaa siku mbili na Biblia zao na maombi. Hawakuwa na umati wala kipaza sauti. Katika miaka ya 1930 moto uliwaka Gahini, ukaenda Kigezi na Buganda, ukavuka hadi Kenya na Tanganyika, na nyimbo za wale waliookoka zinaimbwa hadi leo. Walilia? Walilia sana. Walipaza sauti? Usiku kucha wakati mwingine. Lakini waliowazunguka hawakuuamini uamsho huo kwa sababu ya sauti. Waliuamini walipoona watu wakirudisha walivyoiba, wakilipa madeni ya zamani, wakiungama mbele ya mke na mbele ya bwana kazi. Hicho ndicho kipimo cha moto. Waulizeni makanisa ya moto ya leo: mwaka huu, nani amerudisha kitu?

Kuna jambo zito zaidi la matunda. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao waumini waliofunga hadi kufa, na watoto miongoni mwao. Najua nitajibiwa kwamba wale nao walikwenda msituni, mbali na dunia, na kwamba huo ndio mwisho wa kujitenga. Hapana. Walikwenda msituni na sauti ya mtu. Kujitenga na redio, na shule, na hospitali, na ndugu, ukabaki na mhubiri mmoja, ni kinyume cha kukaa na Mungu peke yako. Waberoya wa Matendo 17 walisifiwa kwa sababu walimsikiliza Paulo kisha wakayachunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyosema ndivyo yalivyo. Uchunguzi huo unahitaji nafasi ambayo mhubiri hayupo na kipaza sauti chake kimezimwa. Muumini ambaye hajawahi kukaa na Neno bila mtu wa kumwelekeza ahisi nini atakosa cha kumpimia nabii siku nabii atakapomwongoza vibaya. Ndiyo maana nasema suala hili si la ladha ya ibada. Ni la usalama wa kondoo.

Kabla sijamaliza, niwakatae na baadhi ya wanaoniunga mkono. Kipo kimya ambacho sikitetei. Sitetei usharika unaosinzia ukajiita mtulivu, wala kiongozi wa dini anayenyamaza wanyonge wakiporwa ardhi na kuita woga wake hekima. Aliyenyamaza mbele za Mungu kweli hurudi na la kusema. Eliya hakupewa pole pale pangoni. Aliulizwa anafanya nini huko, kisha akatumwa amtie mafuta Hazaeli awe mfalme wa Shamu, Yehu awe mfalme wa Israeli, na Elisha awe nabii baada yake. Kwenye ile sauti ndogo iliyofuata moto wa Horebu kulitoka mabadiliko ya serikali mbili. Wanaoogopa kwamba kimya kitalilaza kanisa waisome sura hiyo tena. Watawala hawasumbuliwi na kanisa linalopiga kelele za kubarikiwa. Wanasumbuliwa na mtu aliyetulia, akasikia, akarudi mjini na majina mkononi.

Basi ninachodai si kikubwa. Wachungaji, mapadre na mitume wetu waache dakika tano baada ya mahubiri bila kinanda, bila mtu wa kuongoza maombi, watu wakae na walilosikia. Watoto wakilia, walie. Jumuiya si maktaba. Wazee wa kanisa wafungue mlango saa sita mchana siku za kazi, wavihamishie vyombo kwenye chumba kimoja chenye kufuli, na wamwache mwuza mbogamboga aingie aketi bila kuandikishwa wala kuombwa sadaka. Vijana wafanye mafungo ambayo simu zinabaki kwenye kapu kwa mlinzi. Mikesha iendelee, ila saa moja katikati yake iwe ya kunyamaza kama Yoshua alivyoagiza, tuone ni wangapi wataweza kuzunguka mji midomo imefungwa.

Na kwa wale wanaoendelea kutuita baridi nina jaribio moja. Zimeni spika Jumapili nne mfululizo. Hubirini kwa koo mlilopewa, imbeni kwa mikono mitupu, kisha nyamazeni. Roho aliyeshuka Pentekoste, kwenye nyumba isiyokuwa na hata taa ya umeme, hatashindwa kuwapata. Ila kama moto wenu utazimika pamoja na swichi, mtakuwa mmejua ulikuwa ukiwashwa na nini, na mtaacha kutuuliza sisi kwa nini tumepoa.